Watu Watano, Vyeo Saba

Alhamisi saa nane mchana, daraja la barabara ya Kambove likiwa bado haliwezi kubeba hata nzi, Laure alipokea ujumbe wa kumwita kwenye mkutano wa dharura. Ajenda ilikuwa moja: rangi ya fulana.

Aliusoma akiwa amesimama mbele ya mashine ya fotokopi, kwenye kibanda cha kuchapa barua alichokuwa akifanyia kazi, karatasi za mteja zikitoka za moto. Akausoma tena. Kisha akalaza simu kifudifudi na kumkabidhi mteja karatasi zake juu chini. Yule mtu alipouliza kama kuna tatizo, Laure alijibu hapana kwa sauti iliyomfanya aondoke bila swali la pili.

Daraja lenyewe halikuwa la zege wala la chuma. Lilikuwa ndani ya mchezo wa kompyuta. Upo mchezo mmoja wa kuendesha malori: unachagua lori lako, unapakia mzigo, unashika njia. Barabara zake zote ni za Ulaya, hata vijana wa Likasi ambao hawajafika Lubumbashi mara mbili wanaweza kukuelekeza njia panda za Ujerumani wakiwa wamefumba macho. Lakini wenye mchezo wanamruhusu mchezaji aongeze barabara yake mwenyewe, na nyongeza hiyo inaitwa modi. Miaka miwili iliyopita Laure alisema inatosha. Alitaka barabara ya Likasi mpaka Kambove iingie humo, na mashimo yake na vumbi lake, na malori ya mawe ya shaba yakipishana kwa honi. Alitaka mtu aliyeko Kinshasa au Kanada awashe kompyuta yake ajikute huku kwetu. Hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo. Waliojiunga naye pia hakuna aliyewalipa, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama.

Na sasa muda ulikuwa umekwisha. Kompyuta pekee yenye nguvu ya kuunganisha vipande vyote vikawa kitu kimoja kinachochezeka ilikuwa ya kaka yake, Kabongo, dereva wa lori la kweli huko Kolwezi. Aliiacha sebuleni kwa mama yao siku alipokwenda kutafuta maisha. Juzi alikuwa amepiga simu: amepata nyumba, anakuja Jumapili kuchukua kitanda, friji na mashine. Laure alimwomba mwezi mmoja. Kabongo alimjibu kama kaka anavyojibu: mashine ni ya nani? Kwa hiyo ama barabara itolewe kabla ya Jumapili, ama ibaki vipande vipande ndani ya flashi tano, na miaka miwili ya Laure iende na maji.

Siku mbili zimebaki, lori likipanda darajani linazama kama jiwe, na wao wanamwita wakajadili fulana!

Mwanzoni haikuwa hivyo. Walikuwa wanne. Laure alichora barabara. Glody alichora alama za barabarani. Exaucé alitembea na simu yake akipiga picha za kila ukuta, na Suzanne alirekodi honi, injini na kelele za wauzaji. Mwaka wa kwanza walifanya kazi kila umeme uliporudi, na ulipokatika walikaa gizani wakiizungumzia kazi hiyo hiyo. Mwaka wa pili wakachoka. Glody akapotea wiki tatu. Exaucé akasema simu yake imejaa. Laure akiwasukuma walimwambia jambo moja tu: hii ni kazi ya kujitolea, utanifukuza?

Kweli, mtu usiyemlipa utamtisha kwa kitu gani? Laure alikaa akawaza, na kwa vile ni mtoto wa Likasi, akawaza yale ambayo mtoto wa Likasi angewaza. Kwetu, watu watatu wakikutana mara mbili tayari wana rais, katibu na mhazini. Kwaya ina kamati. Mtaa una kamati. Wafiwa wanaunda kamati kabla maiti haijafika nyumbani, na mkuu wa itifaki anamkaripia mjane kwa kukaa kiti kisicho chake. Basi mwezi wa Novemba Laure aliwaita, akawagawia vyeo. Glody akawa Mkurugenzi wa Ufundi na Msemaji. Exaucé akawa Katibu Mkuu na Mkuu wa Nidhamu. Suzanne akapewa Itifaki na Uhamasishaji. Yeye mwenyewe akawa Rais. Aliandika kanuni za ndani zenye ibara kumi na nne, akachonga muhuri, na usiku ule alilala akijiona mwerevu.

Kwa wiki mbili walichapa kazi kama walioahidiwa pepo. Baada ya hapo vilemba vya ukoka viliwakaa vizuri vichwani, na kazi ikafa. Mkurugenzi wa Ufundi hachori alama za barabarani, anazisimamia. Katibu Mkuu hapigi picha, anaandika barua ya kuomba picha. Ikawa taarifa kila Jumatatu na kikao kila Ijumaa, kisha wakampata mfadhili wa heshima, Papa Jean-Luc muuza saruji, ambaye hajawahi kugusa kompyuta lakini aliahidi fulana za siku ya uzinduzi.

Na bado barabara ilikuwa inasonga. Nyumba zilizidi kuota pembeni, alama ziliongezeka, na Laure, kila alipofungua ramani akakuta kitu kipya, alisema moyoni kwamba vyeo vinafanya kazi. Hakuuliza ni mkono wa nani.

Ijumaa saa tisa alifika kwenye ua wa wazazi wa Suzanne. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kwa itifaki: cha Rais katikati, kina kitambaa, kushoto Ufundi, kulia Ukatibu. Exaucé alikuwa tayari na daftari.

"Présidente, uko en retard ya dakika kumi na mbili," alisema huku akiandika.

Alisali sala ndefu ya kufungua, akawaombea wakubwa wa nchi na maadui wa kazi yao. Akasoma muhtasari wa kikao kilichopita. Kisha wakaanza: bluu au nyeupe? Nyeupe inashika vumbi. Bluu ni ya chama kimoja cha mpira, watu watasema. Cheo kiandikwe mgongoni au kifuani? Glody alisimama kabisa, mkono mmoja mfukoni, akaeleza kwamba mgongoni kunasomeka kwa mbali. Laure alivumilia dakika arobaini. Alizihesabu kwenye simu.

"Daraja," alisema. "Nani njo anatengeneza daraja?"

Suzanne alitabasamu kwa upole wa kiitifaki. "Présidente, hatuyafika kule. Ile itakuya mu divers."

Divers ni mambo mengineyo, yale yanayosubiri mwisho wa ajenda watu wakiwa wameshasimama.

"Nauliza sasa. Kesho njo siku ya mwisho. Glody, daraja iko wapi?"

"Ile ni exécution, kazi ya mikono," alisema Glody. "Minye niko ku conception, ya kufikiri. Ni Mama Hadassa njo anafanyaka bile bintu."

"Na alama za njia?"

"Mama Hadassa."

"Manyumba? Bale bamama ba makala na magunia yabo pale ku kona?"

"Ni yeye tu. Nilimwambia ile ni kupoteza temps. Akaweka."

Mama Hadassa jina lake ni Philomène. Alijiunga Desemba, vyeo vikiwa vimekwisha. Alisomea uchoraji wa viwandani, alifanya kazi kwenye kiwanda mpaka kilipopunguza watu, na sasa anauza vocha za simu chini ya mwavuli karibu na soko. Hadassa ni binti yake wa kwanza. Laure alimjua kama mtu anayeleta flashi kila Jumatano, anasalimia, anaondoka.

"Na yeye iko wapi sasa?"

Waliangaliana. Exaucé ndiye aliyejibu, kwa upole, kama anamweleza mgonjwa. "Présidente, hii ni réunion ya comité. Yeye haiko mu comité."

Damu ilimpanda Laure mpaka masikioni. Watu watano, vyeo saba, na mmoja wao asiye na cheo hata kimoja ndiye aliyekuwa akiijenga barabara nzima peke yake, huku hawa wakipima mgongo na kifua.

"Munabishana bleu na blanc!" alifoka. "Kamioni inaangukia mu mayi, na munabishana bleu na blanc! Hamuna haya? Tangu lini Glody haushike souris ya machine? Sema, iandikwe mu daftari!"

Mama yake Suzanne alichungulia dirishani. Glody hakukaa. Alikunja mikono, na sauti yake ilikuwa baridi.

"Ni weye mwenyewe ulinipa poste, Laure. Minye sikuomba."

Alimwita Laure, hakumwita Présidente, na hilo lilimchoma zaidi ya maneno yenyewe. Aliinuka kwa nguvu hata kiti chenye kitambaa kikaanguka chali, akatoka, na nyuma yake alisikia Suzanne akiuliza kama kuondoka kwa Rais kunahesabiwa kuwa kikao kimefungwa.

Alitembea mpaka sokoni akiongea peke yake. Kichwani alikuwa ameshamfukuza Glody mara tatu, kila mara kwa maneno makali zaidi. Philomène alikuwa chini ya mwavuli wake, anamkwangulia mzee mmoja kadi ya vocha. Laure alisubiri, akijua kwamba hapa angalau atapata mtu wa upande wake.

"Mama Hadassa, yambo. Bale bantu banataka kuniua na hasira."

"Yambo," alisema Philomène. Hakumpa kigoda.

"Daraja inabakisha nini?"

"Kuitia ugumu tu. Sasa iko picha. Ni kazi ya saa mbili, tatu."

"Sasa juu ya nini haukumaliza?"

Philomène aliinama, akatoa ndani ya mkoba wake karatasi iliyofungwa vizuri kwenye plastiki, kama watu wanavyotunza cheti cha ubatizo, akamnyooshea.

Ilikuwa barua, kwa Kifaransa kizuri sana. Ilimjulisha Madame Philomène kwamba ombi lake la kuwa mwanachama limepokelewa na linachunguzwa. Kwa sasa anaombwa aendelee na kazi alizokabidhiwa, chini ya uangalizi wa Mkurugenzi wa Ufundi, na mpaka uamuzi utakapotolewa jina lake halitaandikwa popote ndani ya mchezo. Tarehe ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Chini kulikuwa na muhuri, na juu ya neno La Présidente palikuwa na saini.

"Hii ni mukono yako?" aliuliza Philomène.

Ulikuwa mkono wake. Laure alikumbuka Jumatatu ile: Exaucé alimletea karatasi kumi na moja kibandani, naye akazisaini zote juu ya mashine ya fotokopi, moja baada ya nyingine, bila kusoma hata mstari. Alichokisoma ni lile neno la mwisho tu, chini ya kila ukurasa. Lilimfurahisha.

"Sikuisoma, Mama Hadassa."

"Ah. Basi ni mubaya zaidi." Philomène sasa alikuwa amesimama, na ingawa hakupaza sauti, mwuza nyanya wa jirani aliacha kupanga mafungu yake. "Minye nilichora pièces za machine za usine mbele ya weye kujua kushika souris. Batoto bangu banakuwaka nyuma yangu kila mangaribi, banaangalia njia. Baliniuliza: mama, jina yako iko wapi? Njo niliandika ile demande. Nikaiandika na bic, page mbili, kama mutoto wa masomo. Na weye ukanijibu dossier iko en étude! Miezi tatu! Dossier gani? Njia yote ni dossier yangu!"

"Ni Exaucé..."

"Usiniletee Exaucé! Bako bavivu, ndiyo. Nani alibafundisha? Tangu novembre, weye mwenyewe, Laure, ulichora nini?"

Laure alianza kuhesabu. Novemba alichora muhuri na kuandika ibara kumi na nne. Desemba alisoma taarifa za Jumatatu. Januari alitengeneza jedwali la zamu, lenye rangi. Februari aliongoza vikao vinne na kusaini karatasi. Alitafuta kichwani kipande cha barabara, kona moja, jiwe moja la pembeni, hakupata. Hakuwa amechora hata mita moja.

Hasira aliyokuja nayo kutoka kwa kina Suzanne haikupungua. Iligeuka tu ikamrudia mwenyewe, na ilimuuma vibaya, kwa sababu sasa hakuwa na mtu wa kumfukuza kichwani. Alijionea aibu mpaka akashindwa kumtazama yule mwuza nyanya.

"Naomba pardon," alisema.

"Nimesikia." Philomène alikaa, akairudisha barua kwenye mkoba. Hakuitupa. "Kesho saa mbili nitakuya kwenu. Daraja, utaifanya weye. Minye nitaikala pembeni nitaangalia. Kama ulisahabu kazi, nitakufundisha. Na sitaki kuona muntu mwingine mule ndani."

Jumamosi umeme ulikuwepo, jambo ambalo Laure hakuthubutu kulitamka kwa sauti. Philomène alifika saa mbili kamili. Alivuta kiti nyuma ya bega la Laure, akakunja mikono.

Kulitia daraja ugumu ni kazi ya kuchosha. Picha unayoiona kwenye kioo haibebi kitu. Chini yake lazima ulaze sakafu isiyoonekana, kipande kwa kipande, kila kimoja kikishikana na mwenzake. Ukiacha ufa mdogo, gurudumu linapita. Zamani Laure aliweza kufanya kazi hiyo huku akiimba. Sasa vidole vilikuwa vizito. Alisahau amri, akabonyeza pasipotakiwa, akafuta kipande kizima cha mto.

"Rudia," alisema Philomène.

Jaribio la kwanza lori lilizama katikati. La pili lilizama mwanzoni kabisa, likabaki limesimama kwa pua majini. Laure alipiga meza kwa kiganja. Philomène hakusema pole.

"Uliacha nafasi ku kushoto. Toa yote. Rudia."

Saa sita mlango uligongwa. Alikuwa Glody, amevaa fulana mpya ya bluu. Alipogeuka kufunga geti, Laure alisoma mgongoni: DIRECTEUR TECHNIQUE.

"Nilikuya kuona avancement, kazi inafika wapi," alisema.

"Ulileta flash ya alama zako?"

"Laure, minye nilikuya kuona avancement."

"Daraja inaanguka. Hii njo avancement. Vua ile fulana, ingia, shika souris. Mama Hadassa atakuambia fwasi ya kuanzia."

Glody aliangalia ndani, akamwona Philomène kwenye kiti, akarudisha macho kwa Laure. Mtu angeweza kudhani anaambiwa afue nguo za jirani.

"Utajibu mbele ya comité," alisema.

Laure alifunga mlango kwa kishindo hata picha ya Mama Maria ikacheza ukutani. Alirudi kwenye kiti, na jaribio la tatu lori likazama, na la nne nalo, karibu kabisa na ng'ambo, mita mbili tu.

Saa nane honi ililia nje. Kabongo. Alikuwa amepata gari la rafiki linalorudi Kolwezi jioni ile ile, hivyo akawahi siku moja. Aliingia na kamba begani, akambusu mama yake, na macho yakaenda moja kwa moja kwenye mashine.

"Yaya, ulisema dimanche!" Laure alimpigia kaka yake kelele. "Dimanche! Nipe saa moja!"

"Gari haiko yangu, Laure. Zima ile kintu."

Ni mama yao aliyeokoa jahazi, bila kukusudia. Aliweka mezani bukari, ugali wa kwetu, na samaki, akamwambia mwanawe aketi, kwani hakumzaa ili abebe friji na njaa. Kabongo aliketi.

"Nikimaliza kula, nabeba," alisema.

Philomène aliinama mpaka shavu lake likawa karibu na la Laure. Hakukigusa kipanya. "Kipande cha mwisho kiko yulu kidogo. Shusha. Apana, kidogo. Pale. Funga." Nyuma yao walisikia Kabongo akitafuna. Laure alifunga kipande. Alihifadhi. Alitaka kushika usukani kwa jaribio la tano, lakini Kabongo, aliyekuwa amesogea na sahani mkononi, alijifuta vidole.

"Toka pale," alisema. "Minye njo chauffeur."

Alianza kwa dharau, kama mtu mzima anayejaribu baiskeli ya mtoto. Alitoka Likasi kwa mwendo mkubwa. Kisha mgongo wake ukanyooka. Aliacha kutafuna. Alilikwepa shimo ambalo lilikuwa halijaonekana bado kwenye kioo, na alipokaribia kona, bila kuambiwa na mtu, alipunguza mwendo, akapiga honi mara mbili fupi. Baada ya kona, wanawake wa makaa walikuwa wamekaa pembeni na magunia yao, pale pale wanapokaa kila siku. Kabongo alipita polepole mbele yao. Akapanda daraja. Lori likatikisika kidogo, likavuka.

Kabongo aliendesha mita mia nyingine, akasimama.

"Nani aliweka bale bamama?"

Kwa miaka miwili Laure alikuwa na jibu moja kwa swali la namna hiyo: ni équipe yangu.

"Ni Mama Hadassa," alisema. "Na manyumba, na alama, na miti. Minye niliweka daraja, na alinirudilisha mara ine."

Kabongo alimgeukia Philomène. Alimtazama vizuri, kama fundi anavyomtazama fundi. "Mama, ulisahabu trou moja ya kushoto, mbele ya daraja."

"Sikusahabu. Baliziba mwezi uliopita. Weye njo haupitake kule."

Kabongo alicheka mpaka akashika tumbo, akamwambia mama yake aongeze bukari.

Palibaki ukurasa wa majina. Laure aliufungua. Rasimu ya Exaucé ilikuwa na mistari saba, kila cheo na mstari wake, na mfadhili wa heshima juu kabisa. Aliufuta wote, akaandika upya, kwa hasira iliyotulia sasa na kujua inakokwenda. Alimwandika kwanza Philomène Mujinga: nyumba zote, wauzaji, miti, alama arobaini na moja. Glody: alama tisa. Exaucé: picha za mwaka wa kwanza. Suzanne: honi na sauti. Halafu jina lake mwenyewe, mwisho: barabara mpaka Novemba, daraja, na vyeo vyote saba.

"Ile ya vyeo," alisema Philomène nyuma yake. "Utaiacha?"

"Ibakie."

Philomène alikuwa anaangalia mstari wa kwanza. Alitoa simu akaupiga picha, mara mbili, kwa sababu ya kwanza ilitoka na ukungu. Laure alibonyeza kitufe cha kutuma mtandaoni, na barabara ya Kambove ikaondoka Likasi saa tisa na dakika hamsini. Saa kumi Kabongo alichomoa nyaya.

Jumapili, baada ya misa, barua ilimfikia. Kamati ilikuwa imekutana. Rais amesimamishwa miezi mitatu kwa kutoa kazi ya kikundi bila kibali na kwa kuvunja heshima ya viongozi, kwa mujibu wa ibara ya tisa, ambayo aliiandika mwenyewe. Glody, Rais wa muda, ndiye aliyesaini. Laure anaitwa kujieleza Jumatatu saa tatu asubuhi.

Aliketi pale pale kwenye ngazi za kanisa akaandika jibu refu kwenye simu, jibu zuri, lenye matusi yaliyovaa suti, na alikuwa anatafuta neno la kummaliza Exaucé simu ilipolia. Ni Philomène.

"Baliniandikia na minye," alisema. "Baliniita vice-présidente."

"Ukajibu nini?"

"Nilikuwa na baclients ba vocha. Laure, njia ya Kakontwe. Bachezaji banaiomba, tangu jana batu kumi na sita. Lakini sijue kuna poteau za umeme ngapi kutoka mujini mpaka kule ku carrière ya chokaa. Muntu aende kuhesabu."

"Machine haiko tena, Mama Hadassa."

"Machine tutatafuta. Poteau ziko. Weye unafanya nini lundi asubui?"

Laure alilitazama jibu lake refu. Aliliacha bila kulituma.

Jumatatu saa tatu alikuwa pembeni ya barabara ya Kakontwe na daftari, ameomba ruhusa ya nusu siku kibandani. Malori ya mawe ya chokaa yalimpita moja baada ya jingine, yakamfanya mweupe kuanzia nywele mpaka viatu. Alikuwa bado na hasira. Alimkasirikia Glody, akaikasirikia ibara ya tisa, akajikasirikia mwenyewe, na kila nguzo aliyoifikia aliichorea mstari. Simu ilitetemeka mfukoni: Suzanne, wa itifaki, anamjulisha kwamba wamemsubiri na sasa wanaanza sala ya kufungua. Laure alifuta chokaa machoni, akatazama alikofika, akaandika: themanini na tatu.